Hatua za Mwanamke Mwenye Kikapu

Diego, 8 Machi 1987

Mama,

Barua hii haipiti posta. Nimempa Vikash, mwenzangu wa chumba cha kufulia, ambaye kesho anakwenda Morisi likizo, na ameniapia ataifikisha mpaka mlangoni. Jislen akusomee polepole, kisha aitie jikoni iungue.

Nimefika. Kisiwa chetu nimekikanyaga miaka kumi na sita tangu watuhamishe kupisha kambi ya askari, na neno la kwanza nililoambiwa ni nivue viatu nikaguliwe. Bahari ya ndani ina rangi ile ile. Nilitaka kulia nikajizuia, maana mtu wa Cassis ya Morisi angelilia nini huku?

Sasa sikiliza, na usinikasirikie. Watu wa kisiwani hawaajiriwi hapa. Ofisini tuliulizwa mmoja mmoja: umezaliwa wapi? Nikasema Cassis. Jina la ukoo nikatoa la baba wa kambo, Labonte. Mama yako mzaliwa wa wapi? Nikasema amekufa. Lilinitoka kabla sijafikiri, na limeshaandikwa. Wakijua nimedanganya, ndege ya kwanza naondoka nayo.

Barua za posta zinafunguliwa, na wana mtu wao anayesoma Kikreoli chetu. Kwa hiyo kuanzia leo wewe ni Madam Felisin, mwenye nyumba wangu, unayependa maua. Kaburi la Solanj tutaliita mche. Nikiandika kwamba nimeuona mche, ujue nimemwona mdogo wangu.

Mimi sikuja kufua mashuka ya askari, Mama. Nimekuja kumtafuta Solanj nimpalilie, na nikuletee udongo wake uwekwe nawe siku yako itakapofika, kama ulivyoniomba. Nina mkataba wa mwaka mzima. Mwaka mzima nishindwe kuokota konzi moja ya udongo, nitakuwa mtu gani?

Kula vizuri. Usibebe ndoo.

Mwanao,
Anselm


Cassis, 29 Machi 1987

Anselm,

Vikash anarudi huko Alhamisi na amekubali kubeba barua hii, lakini amesema ni ya kwanza na ya mwisho. Safari iliyopita walimpekua mpaka soksi. Kwa hiyo leo tunasema yote, baada ya hapa ni mche na maua tu.

Naandika mimi Jislen. Mama amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa hapa ubavuni pangu, ananikatiza kila mstari. Anasema nikuulize tangu lini yeye ana nyumba. Mabati yenyewe yalikuwa sita, kimbunga cha Februari kikachukua mawili. Halafu anasema sawa, kama ni mwenye nyumba basi anaamuru: mpangaji avae fulana asubuhi, upepo wa kule unaingia kifuani.

Kuhusu kusema amekufa, alisema, "Mwandikie hajakosea sana." Mimi sikutaka kuliandika hilo. Ameniambia niliandike.

Sasa haya ni maneno yake. Anselm, siku ya meli niliomba saa moja tu niende Lapwent kaburini nikamuage Solanj. Wakasema meli haingoji, farasi wa meneja wameshapakiwa. Farasi walikaa juu sitahani, sisi wakatuweka chini kwenye magunia ya mbolea. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulikuwa unamlilia mbwa wako. Nilikupiga kofi unyamaze. Nilikuwa nakupiga wewe, kumbe najipiga mwenyewe, maana mtu anayemlilia mbwa anaruhusiwa, mimi nilikuwa nimemwacha mtoto.

Kila mwaka Novemba mbili watu wa hapa wanakwenda makaburini na mishumaa yao. Wangu nauwasha kwenye kaburi la bibi mmoja anaitwa Klemans, simjui, nimemchagua kwa sababu hana mtu. Nimewasha mara kumi na sita. Nimechoka kumwashia Klemans.

Mpalilie mwanangu. Magugu ya kule yana mizizi mirefu, usikate juu juu kama ulivyokuwa ukifanya shambani. Ng'oa.

Mama amechoka, amekwenda kulala. Ndugu yangu, anaongea habari ya udongo huo kama mtu aliyeposwa. Fanya ufanyavyo.

Jislen


Diego, 20 Mei 1987

Jislen,

Hii ni ya macho yako peke yako. Anayeileta ni mpishi aliyemaliza mkataba, harudi tena huku. Usimsomee Mama.

Lapwent, kijiji chetu, haipo. Nilidhani nitakuta kichaka, nijikate miguu, nitafute. Hamna kichaka. Kuna ua wa seng'enge, na ndani yake matangi ya mafuta makubwa kama makanisa, na lami. Minazi wameing'oa yote upande ule. Napita pale mara mbili kwa wiki na gari la mashuka, nimekaa nyuma, natazama kupitia upenyo wa turubai. Zile nyumba zetu, tanuri la mbata, duka, sijui hata nianzie wapi kusema hapa palikuwa hivi. Nilizoea kupajua kwa minazi. Bila minazi mimi ni mgeni kabisa.

Jumapili moja walitupeleka kwa basi kwenye kijiji kikubwa ng'ambo ya pili, kutembea. Kanisa limepoteza paa. Makaburi ya huko yapo, mengine yamefyekwa, wanapiga picha. Halafu wakatuonyesha mahali wanapozika mbwa wao wa kulinda. Kila mbwa ana jiwe lake, jina lake, tarehe yake, na chokaa mpya. Nilisoma majina yote. Nikamkumbuka mbwa wangu aliyefungiwa tanurini na wenzake wakauawa kwa moshi, wiki moja kabla ya meli. Nikarudi kwenye basi.

Nitamwandikia Mama kwamba nimeuona mche. Najua utanitukana. Lakini kamwangalie alivyokaa juu ya ndoo yake halafu uniambie ungemwandikia nini wewe. Usiniangushe.

Anselm


Diego, 24 Mei 1987

Kwa Madam Felisin, mwenye nyumba wangu,

Natumaini u mzima, na paa limetengenezwa. Mimi sijambo. Kazi ni mashuka tu, tunayapiga pasi mpaka ndoto zangu zimenyooka.

Nakufurahisha kwa habari moja. Ule mche unaoupenda upo hapa pia. Nimeuona mahali pazuri penye kivuli. Ulikuwa umezongwa na magugu, nimeyang'oa na mizizi yake, sikukata juu juu. Nimepasafisha vizuri pembeni. Unapendeza.

Mkataba ukiisha nitakuletea kidogo cha kupanda nyumbani.

Msalimie Jislen.

Mpangaji wako,
Anselm Labonte


Cassis, 15 Juni 1987

Kwa mpangaji wetu Anselm,

Madam Felisin amefurahi kupita kiasi. Barua yako nimeisoma mara tano, ya sita akaisoma yeye mwenyewe, yaani aliishika tu akasema maneno yako kwa moyo. Amepika pweza wa tui, chakula cha sherehe, akawapelekea majirani bila kuwaambia ni cha nini. Tangu Pasaka hakuwa amesimama jikoni.

Amenunua kopo la biskuti lenye mfuniko, amelisugua, amelianika. Ni la kuwekea huo mche utakapouleta. Ameliweka kabatini karibu na sanamu ya Bikira Maria, na mtu akiligusa anagombana naye.

Ana swali moja dogo, la wapenda bustani. Watu hupanga chupa kuzunguka miche, mdomo chini. Je, wako umezungushiwa chupa? Ngapi? Na ile ya upande wa kichwani ni ya rangi gani? Anasema ujibu bila haraka, anapenda tu kuziona machoni.

Mimi nimeulizwa niulize, nimeuliza.

Jislen


Diego, 12 Julai 1987

Kwa Madam Felisin,

Ndiyo, mche una chupa. Nimezihesabu, ni kumi na mbili. Zote ni za kijani, pamoja na ile ya kichwani. Hakuna iliyovunjika.

Mpangaji wako,
Anselm Labonte


Cassis, 6 Agosti 1987

Kwa Anselm, uliye ng'ambo ya maji, salamu zikufikie ukiwa na afya na nguvu za kuzipokea.

Naandika mimi Klebert, kinyozi wa Cassis na msomaji wa masomo kanisani, kwa kuwa dada yako Jislen amechukuliwa na tajiri wake kwenda Grand Baie wiki mbili kuangalia watoto. Nitaandika neno kwa neno kama ninavyoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza, maana hiyo ndiyo heshima ya kalamu. Anaanza.

Anselm mwanangu, nimechoka na habari za miche. Huyu bwana, Msyee Klebert, ni mtu mzima, anaweza kuandika kaburi. Umepalilia kaburi la mtoto wa watu. Chupa ya kichwani kwa Solanj ni ya buluu. Ni chupa ya dawa, ile dawa ya mwisho niliyompa asubuhi akaitapika, sikutaka kuitupa. Hilo lenye chupa za kijani ni la pacha mmoja wa jirani yetu Mariz. Sikulaumu, ulikuwa na miaka saba tulipomzika, na ulikuwa umeshika kaa mfukoni, hukuwa unaangalia. Na kumpalilia pacha wa Mariz si dhambi. Lakini udongo huo usiniletee. Nikizikwa na mtoto wa Mariz, wangu atasema nini?

Kwa hiyo sasa nakupa njia, na uifuate kama ninavyoisema.

Simama kwenye gati la Lapwent, bahari ya ndani iwe mgongoni. Shika safu ya minazi ya kushoto, ile niliyokuwa nikiokota nazi zangu. Hesabu ishirini na saba. Wa ishirini na nane umepinda, ni ule alikoanguka Msyee Evaris akavunjika bega. Kama mingine imekufa usihangaike, kampuni ilipima hatua nane kati ya mnazi na mnazi, na haikukosea hata mmoja, maana walitutoza jasho kwa kuhesabu. Ukifika kwenye uliopinda, geukia jua linakozama. Tembea hatua arobaini na moja. Si hatua zako hizo ndefu. Ziwe hatua za mwanamke mwenye kikapu cha mbata kichwani, tangu gatini mpaka mwisho, maana ndivyo nilivyokuwa nikipita kila siku nikitoka tanurini. Nasimama kwake kidogo, msimamizi akitazama najifanya naweka kata sawa.

Hapo ndipo alipo. Angalia buluu.

Nimeirudia njia hii kichwani kila asubuhi kabla ya kuamka, nisije nikaipoteza. Mpaka leo sijamwambia mtu. Sasa umeijua wewe, naweza kupumzika.

(Hapa mama yako ameishia. Nimemwuliza kama kuna zaidi, amesema hakuna. Amesisitiza nimwandike jina lake lote, si la mwenye nyumba.)

Mimi mama yako mzazi,
Felisin Onezim, mzaliwa wa Diego
(alama ya kidole gumba chake)


11 Septemba 1987

Kwa Bibi F. Onezim, Cassis

Tunakuarifu kuwa barua yako ya tarehe 6 Agosti imezuiwa na haitarejeshwa. Bwana A. Labonte si mfanyakazi tena wa kampuni hii tangu tarehe 28 Agosti. Mizigo yake ameondoka nayo baada ya kukaguliwa.

Maswali yaletwe kwa maandishi. Hatulazimiki kuwajibu wasioajiriwa.

Idara ya Wafanyakazi


Mahé, 18 Oktoba 1987

Jislen,

Niko Mahé, Ushelisheli. Nashusha jodari bandarini, nanuka samaki mpaka watu wananihama kwenye benchi la kanisa. Sikuja nyumbani kwa sababu sikujua niingie mlangoni na uso gani. Nisikilize mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Waliniita siku ya Jumanne, nikiwa katikati ya mashuka. Chumba kidogo, meza, afisa mmoja kijana mwenye adabu zake, na mkalimani. Mezani palikuwa na barua ya Mama na barua zetu nyingine zote za posta, nakala zake. Walizichapa upya kwa lugha yao na kuzichora kwa kalamu nyekundu. Gati, limezungushiwa duara. Ishirini na saba, duara. Hatua nane, arobaini na moja, jua linakozama, yote maduara. Pembeni walikuwa wamechora ramani, na mstari umetoka gatini ukaishia kwenye matangi ya mafuta.

Akaniuliza, mche ni nini? Kijani ni nini, na buluu ni nini? Chupa kumi na mbili zina nini ndani? Solanj ni jina la nani, au la kitu gani? Na kwa nini mtu atembee kama mwanamke mwenye kikapu? Hilo la kikapu liliwasumbua kuliko yote. Walidhani ni namna ya kupima umbali kwa siri.

Jislen, nilikuwa na njia mbili tu. Nikubali kuwa mpelelezi, au niseme mimi ni mtoto wa Diego. Nikasema mama yangu hajafa. Nikasema nilizaliwa mita mia nne kutoka kwenye kiti hiki. Mkalimani alikuwa anatafsiri huku ananiangalia, mwishoni akawa anatafsiri huku anaangalia chini.

Afisa hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema lazima athibitishe. Wakanipakia kwenye gari, na barua ya Mama, wakanipeleka ndani ya ule ua ambao miezi sita nimeuchungulia kwenye upenyo wa turubai. Za gati la zamani zimebaki nguzo mbili. Nikasimama hapo, bahari mgongoni. Hakukuwa na mnazi hata mmoja. Nikapiga hesabu, nane mara ishirini na saba, mia mbili kumi na sita. Nikaanza kutembea kama Mama. Unakumbuka alivyokuwa anatembea, shingo haitikisiki, miguu inavuta karibu karibu. Nilinyanyua mpaka mkono, kama nimeshika kikapu. Askari mmoja akacheka, kisha akaacha. Afisa alikuwa pembeni yangu anahesabu kwa sauti.

Mia mbili kumi na sita. Tukageuka. Arobaini na moja.

Ni mahali pa kuegesha magari, Jislen. Kuna mistari myeupe na namba. Ni namba kumi na nne. Lilikuwa limesimama lori la maji juu yake. Nikawaomba walisogeze, na wakalisogeza, ndiyo maana nakwambia hakuwa mtu mbaya. Chini yake ni lami tu, na doa la oili. Nje kidogo ya mstari, ukingoni ambako lami imekwisha, palikuwa na kipande cha kioo kimezama kwenye kokoto. Kama ukucha wa mtoto. Cha buluu.

Afisa akaniuliza, hapa pana nini? Nikasema, mdogo wangu. Akaandika kwenye daftari lake.

Nilipiga magoti nikakwaruza kwa kucha. Lami ya kule ni ngumu, imetengenezwa ibebe ndege. Sikupata udongo hata wa kujaza kijiko. Kile kioo nilikitia mdomoni, chini ya ulimi. Kwenye uwanja wa ndege walinifungua mdomo. Wakakichukua na kukitia kwenye bahasha, na bahasha ikapigwa muhuri.

Mama hakukosea hata hatua moja. Mimi ndiye niliyemdanganya. Ningemwandikia mapema kwamba sijauona mche, asingeniuliza chupa, asingekwenda kwa Klebert. Nilitaka afurahi mwezi mmoja.

Nakuambia na hili, maana sina pa kulificha. Hapa Mahé kuna ufuko wenye mchanga mweupe kama wa kwetu. Nilijaza kopo la maziwa, nikalifunga, nikaandika anwani ya Mama. Nilikaa nalo wiki mbili chini ya kitanda. Jana nimeurudisha mchanga baharini. Yule mwanamke angeuonja akajua.

Ukiona vema msomee. Ukiona si vema, ichome.

Anselm


Cassis, 22 Novemba 1987

Anselm,

Nilimsomea. Yote, tangu Mahé mpaka jina lako. Nilikuwa nimeshachoka kumsomea uongo kwa sauti nzuri. Ule wako wa mche niliusoma mara tano, na nilijua, kwa hiyo usijibebeshe peke yako.

Hakulia. Alisikiliza ameshika lile kopo la biskuti mapajani. Nilipomaliza akauliza jambo moja: "Alihesabu ngapi?" Nikamwambia mia mbili kumi na sita, kisha arobaini na moja. Akataka nirudie hapo tu. Nikarudia, na kipande cha kioo nikakirudia. Akasema, "Kwa hiyo sikusahau." Mara mbili alisema hivyo. Kumbe miaka yote alikuwa anaogopa kwamba njia ile aliibuni mwenyewe.

Nikadhani imekwisha. Kesho yake, nikiwa nafua, akaniita: "Mwandikie Anselm umwulize, lile lori, walilirudisha?" Nikamwambia hukuandika. Akasema, "Mwulize." Jioni akaniuliza kama nimeshaandika. Asubuhi tena. Kila siku alikuwa na swali hilo hilo, na mimi nilikuwa sina ujasiri wa kuliandika, kwa sababu mimi na wewe tunalijua jibu.

Novemba mbili alikataa kwenda makaburini. Nilimwashia Klemans mimi. Chakula alikuwa anakisogeza. Nilimpikia pweza wa tui, akala kipande kimoja ili nisikasirike. Alifariki Alhamisi, tarehe kumi na mbili, saa nne asubuhi, amelala ameelekea ukutani. Daktari ameandika moyo. Wazee wa kwetu waliokuja kuketi nami hawakuuliza daktari kaandika nini.

Msyee Klebert alisoma somo kanisani, na alilisoma vizuri. Hajui alilofanya na sikumwambia. Ananiuliza kama ulipata barua yake. Nimesema uliipata.

Kopo nimemwekea mikononi, tupu. Mafundi wa jeneza walitaka kujua kama ndani mna kitu cha thamani, nikawafungulia waone.

Jiwe sijapata, na sijui nitapata lini. Makaburi ya huku yanajazana haraka na msalaba wa mbao haumalizi kimbunga kimoja. Kwa hiyo shika hii vizuri, usije siku moja ukanililia hukumwona. Ingia lango kubwa, barabara iwe mgongoni. Fuata ukuta wa kulia mpaka bomba la maji, hatua sitini na mbili. Hapo geukia upande wa bahari, hatua thelathini na moja. Nimeweka chupa moja tu, kichwani, ya buluu. Hatua hizo nimezihesabu nikiwa na ndoo ya maji kichwani, kwa hiyo punguza hatua zako.

Dada yako,
Jislen